HISA MOJA KWA MIAKA ISHIRINI
Historia ya kampuni ya hewa ya hospitali na gesi ya Kyejo

(Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili makundi ya kujifunza yalisome tena polepole, kisha yazungumze juu ya maswali yaliyo mwishoni.)



Katika somo lililopita tulizungumza juu ya akiba ya nyumbani: fedha ya chai, fedha ya maziwa na fedha ya ndizi, na jinsi ya kuitunza hata ifike wakati wa kulipa ada ya shule. Leo twaendelea mbele hatua moja. Watu wengi wa Tukuyu na wa wilaya yote ya Rungwe huuliza hivi: Mtu akinunua hisa za kampuni moja tu, akazishika miaka mingi bila kuziuza, atapata nini mwishowe?

Wako wasemao kwamba atatajirika, maana subira huvuta heri. Wako wengine wasemao kwamba hisa ni kamari ya watu wa mjini. Sisi hatutafuata maneno ya hawa wala ya wale. Tutachukua kampuni moja ya kweli, tuitazame tangu mwanzo wake, halafu tupige hesabu kwa kalamu na karatasi. Nawe msomaji, chukua kalamu yako.

Kampuni tutakayoitazama ni TOL Gases. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, hutengeneza oksijeni, ile hewa wapewayo wagonjwa hospitalini. Pili, ndiyo kampuni iliyofungua Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tatu, sehemu ya kazi yake hufanyika hapa hapa kwetu, katika nchi ya Kyejo.

Maana ya hisa

Neno hisa si geni Rungwe. Wazee waliouza kahawa kwa njia ya ushirika walilijua zamani. Mtu alipoingia katika chama alitoa kiingilio na kununua hisa, naye akawa mwanachama. Walakini hisa ya ushirika na hisa ya kampuni si kitu kimoja, na yafaa tuone tofauti yake.

Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au hisa mia. Katika kampuni kura huhesabiwa kwa hisa. Mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa, na mwenye hisa chache ana sauti ndogo. Tena, hisa ya kampuni iliyo sokoni haina bei moja ya siku zote. Bei yake ni ile wanayokubaliana mwuzaji na mnunuzi siku hiyo, kama vile bei ya mkungu wa ndizi sokoni.

Mwenye hisa aweza kupata faida kwa njia mbili tu. Njia ya kwanza ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huamua kuwagawia wenye mali. Njia ya pili ni bei kupanda, akauza kwa bei iliyo kubwa kuliko ile aliyonunulia. Hakuna njia ya tatu. Hisa si fedha uliyoweka benki, wala kampuni haikukuahidi kukurudishia chochote. Umekuwa mmoja wa wenye mali, na mwenye mali hula faida pamoja na hasara.

Mfano wa jambo hili tunao karibu. Katika miaka ya 2000 umoja wa wakulima wadogo wa chai wa Rungwe ulikuwa na sehemu ndogo ya hisa katika kampuni ya Wakulima Tea ya Katumba. Sehemu kubwa ilikuwa ya kampuni ya TATEPA, ambayo hisa zake ziliingia katika soko la Dar es Salaam mwaka 1999. Basi mkulima aliyechuma majani alikuwa na mapato ya namna mbili: bei ya kilo ya majani, ambayo ni malipo ya kazi yake; na gawio kama lilikuwapo, ambalo ni malipo ya mali yake. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mtu asiyachanganye.

Kampuni na kazi yake

Kampuni tunayoizungumzia ilianza mwaka 1950, miaka 11 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kwa jina la East African Oxygen. Baadaye ikaitwa Tanzania Oxygen Limited, na serikali ikawa na hisa ndani yake. Sasa huitwa TOL Gases, na herufi zile tatu za mbele ni kumbukumbu ya jina la zamani.

Oksijeni hutoka katika hewa hii tuivutayo. Katika kila sehemu mia za hewa, sehemu kama 21 ni oksijeni, na nyingi zilizobaki ni naitrojeni. Ili kuzitenga, mafundi huikandamiza hewa na kuipoza mpaka igeuke kuwa maji maji, baridi kuliko barafu mara nyingi. Naitrojeni huchemka ikifika digrii 196 chini ya sifuri, na oksijeni huchemka ikifika digrii 183 chini ya sifuri. Kwa sababu hiyo moja huondoka kwanza, na nyingine hubaki. Oksijeni iliyobaki hutiwa katika mitungi ya chuma na kupelekwa hospitalini, na mingine kwa mafundi wa kuchomelea vyuma.

Sasa angalia: mali ghafi ya kazi hii ni hewa, nayo hainunuliwi. Lakini kuipoza kwataka mashine za bei kubwa na umeme mwingi usiokatika. Katika mwaka 2006 mabwawa yalipopungukiwa na maji na nchi ikakosa umeme, kila kiwanda cha namna hii kilijua uchungu wake. Kwa hiyo mtu asiseme, “Hewa ni bure, basi faida ni kubwa.”

Gesi ya pili ya kampuni hii ni hewa ukaa, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wa Rungwe. Milima yetu ni milima ya moto iliyolala. Mlima Kyejo ulimwaga mawe ya moto mara ya mwisho karibu na mwaka 1800, na mpaka leo chini ya ardhi yake hutoka hewa ukaa. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hukaa mabondeni na mashimoni, na yaweza kuua ndege na wanyama waingiao humo. Jirani zetu wa upande wa Goma, katika Kongo ya mashariki, mahali pa namna hiyo hupaita mazuku, na huwakataza watoto wasipakaribie.

Lakini kitu kiuacho bondeni chaweza kufanya kazi kiwandani. Katika nchi ya Kyejo, ambayo sasa iko katika Halmashauri ya Busokelo, wilaya ya Rungwe, kampuni huichukua gesi hiyo kutoka ardhini, huisafisha, huikandamiza mpaka iwe maji maji, kisha huisafirisha kwa magari. Wanunuzi wake ni viwanda vya vinywaji ndani ya nchi na katika nchi za jirani. Ile hewa itokayo na kelele ufunguapo chupa ya soda ni hewa ukaa. Hutiwa pia katika mitungi ya kuzimia moto.

Siku ya 15 Aprili 1998

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, makampuni mengi makubwa yalikuwa mikononi mwa umma. Katika miaka ya 1990 serikali ilibadili njia, ikaanza kuyauza. Swali likawa: Yauzwe kwa nani? Raia wa kawaida angewezaje kununua kipande cha kiwanda? Ndiyo sababu ilitungwa sheria ya masoko ya mitaji mwaka 1994, na mwaka 1996 ikaundwa kampuni ya Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Soko hilo lilianza kazi tarehe 15 Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuandikishwa ilikuwa TOL. Hisa zake ziliuzwa kwa watu kwa shilingi 500 kila moja. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo ikaja Kampuni ya Bia Tanzania, ambayo hisa yake iliuzwa kwa shilingi 550.

Jiweke, msomaji, katika viatu vya mnunuzi wa siku zile. Mbele yako pana kampuni mbili, na bei zao zinakaribiana. Moja hutengeneza dawa ya uhai, ambayo hospitali haiwezi kukaa bila hiyo. Nyingine hutengeneza pombe, kitu ambacho mtu aweza kuacha akitaka. Je, ungechagua ipi? Wengi wangesema, “Watu huacha pombe, lakini hawaachi kuugua.” Ni maneno ya busara. Sasa tutazame yaliyotokea.

Hesabu ya miaka ishirini

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mama mmoja wa Tukuyu aliweka shilingi 100,000 katika TOL mwaka 1998. Kwa bei ya shilingi 500 alipata hisa 200. Akazishika, hakuuza hata moja.

Miaka ya kwanza ilikuwa migumu. Kampuni ilipita katika hasara na madeni, na kampuni yenye hasara haina cha kugawa. Kufika karibu na mwaka 2010, hisa ile ya shilingi 500 ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 300. Maana yake, baada ya miaka kumi na miwili ya subira, hisa 200 za mama huyu zilikuwa hazifiki shilingi 60,000. Hapo watu wengi hukata tamaa, huuza, na hasara yao huwa ya kweli.

Baadaye kampuni ilijikusanya, deni likapungua, kazi ya gesi ya Kyejo ikasaidia, na bei ikapanda. Mwaka 2018, miaka ishirini kamili baada ya siku ile ya kwanza, hisa moja ilikuwa karibu shilingi 780. Zidisha kwa 200, utapata shilingi 156,000. Mama amepata shilingi 56,000 zaidi ya alizotoa. Ukigawanya kwa miaka ishirini, ni faida ya shilingi mbili na senti themanini katika kila mia kwa mwaka, pamoja na gawio lolote alilopewa.

Je, amefaidi? Usijibu upesi. Shilingi ya 1998 si shilingi ya 2018. Mwaka 1998 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 660. Mwaka 2018 ilikuwa kama shilingi 2,260. Na bei za vitu nchini zilipanda zaidi ya mara tatu katika muda huo. Kwa hiyo shilingi 100,000 alizotoa mama zilikuwa sawa na dola 150 hivi, na zile 156,000 za mwishoni zilikuwa sawa na dola 69. Hesabu ya shilingi imeongezeka, lakini uwezo wa kununua umepungua hata kufika nusu.

Walakini tuwe waadilifu. Kama angezifunga shilingi 100,000 katika kitambaa na kuziweka chini ya godoro, mwaka 2018 zingekuwa 100,000 zile zile, sawa na dola 44. Hisa zilimsaidia kuliko godoro. Lakini hazikuushinda upandaji wa bei za vitu, nao ndio mshindani halisi wa kila akiba ya muda mrefu.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu aliyeweka shilingi 100,000 katika kampuni ya bia mwaka ule ule, kwa bei ya 550, alipata hisa 181. Kufika mwisho wa mwaka 2014 hisa moja ilikuwa imepita shilingi 10,000, na mwaka 2018 ilikuwa bado juu ya hapo. Kwa hesabu ya shilingi 10,000 tu, hisa zake zilikuwa na bei ya shilingi 1,810,000, nje ya magawio. Watu wawili, mwaka mmoja, soko moja, subira moja. Mmoja amepungukiwa na mwingine amepata mara kumi na nane.

Sababu zake

Somo la kwanza ni hili: haja ya watu na faida ya mwenye hisa si kitu kimoja. Mgonjwa aliye na haja kubwa ya oksijeni mara nyingi ndiye asiyeweza kulipa. Hospitali hununua kwa fedha za umma, na fedha hizo hazina haraka. Na tena serikali ikiona haja imezidi, yaweza kujitengenezea yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa baada ya ugonjwa wa korona: mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa zaidi ya shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga mitambo ya oksijeni katika hospitali. Kwa mgonjwa ni neema. Kwa mwenye hisa wa kiwanda cha oksijeni ni mshindani mpya mlangoni. Usimlaumu mtu, elewa tu kwamba kampuni ya kazi njema yaweza kuwa akiba dhaifu.

Somo la pili ni deni. Kampuni yenye mashine za bei kubwa na deni zito hufanya kazi kwa ajili ya mwenye deni kwanza. Mwenye hisa hula mwisho, baada ya wafanyakazi, kodi na benki.

Somo la tatu ni mtaji mpya. Kampuni ikitaka kupanuka hutoa hisa mpya na kuwaita wenye hisa wa zamani wanunue kwanza, nayo TOL ilifanya hivyo. Asiye na fedha siku hiyo hisa zake hubaki zile zile, lakini kipande chake cha kampuni huwa kidogo zaidi, kama mtu mwenye kibaba kimoja katika pishi iliyoongezwa.

Somo la nne ni uchache wa wanunuzi. Katika soko letu hisa za kampuni ndogo zaweza kukaa miezi bila kuuzwa hata moja. Bei iliyoandikwa ubaoni ni bei ya mara ya mwisho walipokutana mwuzaji na mnunuzi. Siku mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya ada, bei ya ubaoni haikusaidii kama hakuna anunuaye.

Hadithi za nchi za mbali

Huenda umesikia habari za makampuni ya dawa ya Marekani. Kampuni ya Johnson & Johnson, iliyoanzishwa mwaka 1886, ilianza kuuza hisa zake kwa watu wote mwaka 1944, na imeongeza gawio lake kila mwaka kwa zaidi ya miaka 60 mfululizo. Aliyezishika hisa hizo na kununua nyingine kwa kila gawio, yeye au watoto wake wamevuna sana.

Habari hiyo ni ya kweli. Lakini jiulize: Mbona twaisikia hiyo? Kwa sababu mti uliosimama huonekana, na mti ulioanguka huliwa na mchwa ukasahauliwa. Makampuni mengi ya dawa yalianza na kufa, na wenye hisa wake hawana hadithi ya kusimulia. Mwaka 1998 hakuna mtu aliyejua kwa hakika kwamba bia ingeishinda oksijeni mara nyingi hivyo. Sisi twajua leo kwa kuwa tumesimama upande wa pili wa mto.

Wazee wa nchi zetu waliijua elimu hii bila soko la hisa. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na rafiki. Ugonjwa ukiingia hapa, waliopo kule walipona. Mkulima wa Rungwe naye ana migomba, chai, maharagwe na ng'ombe wa maziwa pamoja. Hakuna anayemwita mwoga. Basi kwa nini afanyapo akiba ya hisa aweke fedha yote katika kampuni moja, eti kwa kuwa gesi yake hutoka katika mlima anaouona asubuhi?

Mambo ya kushika

Hatusemi usinunue hisa, wala hatusemi uuze ulizo nazo. Kampuni hii bado iko, yafanya kazi, na wagonjwa wahitaji mitungi yake. Twasema uulize kabla ya kutoa fedha. Je, kampuni hii imelipa gawio katika miaka mitano iliyopita, na kiasi gani? Deni lake ni kiasi gani? Nani ana hisa nyingi? Hisa zake huuzwa mara ngapi kwa mwezi? Kila kampuni iliyo sokoni hutoa taarifa ya hesabu kila mwaka. Ukishindwa kuisoma, mpelekee mwalimu au kijana wako aliyesoma biashara, mkae pamoja.

Tena, usiweke katika hisa fedha ya ada ya mwakani, wala fedha ya mbolea. Weka ile usiyoihitaji kwa miaka mingi, na uigawe katika kampuni zaidi ya moja. Gawio likija, usilile lote; nunulia hisa nyingine, maana ndipo subira huzaa.

La mwisho ni la nyumbani. Hisa hazifi pamoja na mwenyewe. Hisa za sasa huandikwa katika daftari la kompyuta, lakini wako walionunua mwaka 1998 wakapewa karatasi, wakaiweka katika sanduku, wasimwambie mtu. Mzee akifariki, watoto wakidhani ni karatasi ya kawaida, mali hupotea. Waambie watu wa nyumbani mwako una hisa gani, na karatasi zake ziko wapi. Warithi wataweza kuzidai kwa njia ya mirathi.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya hisa ya ushirika na hisa ya kampuni iliyo sokoni?
2. Mtu alinunua hisa 60 za TOL mwaka 1998 kwa shilingi 500. Piga hesabu ya bei yake mwaka 2018 kwa shilingi 780 kila moja. Je, alipata faida ya kweli? Eleza.
3. Kwa nini kampuni inayotengeneza kitu cha lazima yaweza kuwapa wenye hisa faida ndogo?
4. Taja aina nne za mali zilizopo katika nyumba moja ya kijijini kwenu. Ikiwa moja itaharibika mwaka huu, zipi zitaiokoa nyumba?
5. Kila mmoja katika kundi aeleze: watu wa nyumbani kwake wajua akiba yake iko wapi?